Pweza Aliwe Nyumbani: Chakula na Ukaribu wa Wanandoa

Ukipita jioni katika mitaa ya Dar es Salaam hukosi kuiona meza ya pweza: muuzaji anamkatakata vipande vidogo, wateja wanavichoma kwa kijiti na kuvichovya kwenye pilipili, na supu inamiminwa vikombeni ikiwa bado inafuka moshi. Wateja wengi ni wanaume, nao hula wamesimama, wakitaniana kuhusu kazi inayowasubiri usiku. Mimi ni mtaalamu wa lishe, na wanandoa wanaofika kwangu kuuliza chakula cha kuongeza mapenzi huanza mara nyingi na supu hiyo. Huwajibu kwamba pweza hana kosa lolote. Kosa ni kuliwa barabarani na mmoja wao, ambaye kisha hurudi nyumbani ameshiba na kukikuta chakula cha mwenzake kimefunikwa mezani, naye hana haja nacho.

Pweza ana protini nyingi, mafuta kidogo, vitamini B12 na zinki. Mwili unahitaji zinki ili kutengeneza homoni ya testosteroni na mbegu za kiume. Mwanamume mzima anahitaji takriban miligramu 11 kwa siku, na mwanamke asiye mjamzito wala asiyenyonyesha miligramu 8. Mwenye upungufu atanufaika akila pweza, chaza au mbegu za maboga, lakini ambaye zinki inamtosha haongezewi chochote na kikombe cha pili. Hali ni hiyohiyo kwa mchanganyiko wetu maarufu wa muhogo mbichi, nazi na karanga: unashibisha na kutia nguvu kama chakula kingine chochote chenye wanga na mafuta. Anayehisi tofauti usiku uleule mara nyingi amesaidiwa na imani yake, jambo ambalo silidharau hata kidogo, kwa kuwa hamu huanzia kichwani.

Pale ambapo chakula kina nguvu ya kweli ni katika mishipa ya damu, na huko kazi yake ni ya polepole. Ili uume usimame, au damu ifike kwa wingi katika viungo vya uzazi vya mwanamke, mishipa inapaswa kulegea na kupanuka, na kinachoilegeza ni gesi ya oksidi ya nitriki inayotengenezwa na kuta za mishipa yenyewe. Ugunduzi wa kazi ya gesi hiyo ndio uliowapatia Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad Tuzo ya Nobel ya mwaka 1998. Mchicha na viazisukari vyekundu vya saladi, yaani bitiruti, vina naitreti ambayo mwili huigeuza kuwa gesi hiyo. Sukari nyingi ya damu, uvutaji sigara, shinikizo la juu la damu na kitambi huziharibu kuta zinazoitengeneza. Katika utafiti uliofanywa Italia na kuchapishwa mwaka 2004, wanaume wanene 110 wenye tatizo la nguvu za kiume waligawanywa makundi mawili, na katika kundi lililosimamiwa kwa miaka miwili kupunguza uzito kwa mlo na mazoezi, karibu theluthi moja walirudia hali ya kawaida bila dawa. Kwa hiyo mume anayekunywa supu ya pweza kila Ijumaa huku akila chipsi mayai na soda usiku sita zilizobaki anajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine. Tatizo hilo likidumu miezi mitatu, aende hospitali kupimwa sukari, shinikizo na moyo, kwa kuwa mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo na huziba mapema.

Wake husahaulika katika mazungumzo haya, nami naona hilo ni jambo la kusikitisha. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2015–16 ulionesha kuwa asilimia 45 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Mwanamke wa namna hiyo huchoka kabla ya magharibi, na mume humwona amepoa kwake. Dagaa, nyama nyekundu, maharage na mboga za majani vikiliwa pamoja na chungwa au limau vitamsaidia, mradi chai isinywewe pamoja na mlo, maana huzuia madini ya chuma yasifyonzwe.

Neno moja la tahadhari kuhusu asali za pakiti zinazouzwa kuwa ni za nguvu za kiume. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilizionya kampuni nne baada ya kukuta ndani ya asali za aina hiyo dawa za kusimamisha uume, sildenafili na tadalafili, ambazo hazikutajwa kwenye lebo. Mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti, ambazo nazo hupanua mishipa, akizila asali hizo, shinikizo lake linaweza kuporomoka hadi akafa.

Sasa turudi jikoni. Nunueni pweza mbichi wa kilo moja, mchemsheni taratibu bila chumvi kwa muda wa saa moja hivi hadi alainike, kisha mmoja akate vitunguu na nyanya huku mwingine akikaa kwenye mbuzi akune nazi. Kazi ya kukuna namwachia mume, na wengi huicheka mwanzoni. Tui zito liingie mwisho, mfuniko ukiwa wazi na mwiko ukizungushwa, lisije likakatika. Nusu saa hiyo ya kupokezana visu na kuonjeshana mchuzi huwapa wanandoa mguso na mazungumzo ambayo kikombe cha barabarani hakitoi. Wazee wa Pwani walilijua hili walipowapelekea maarusi wa fungate vyakula vizuri ndani, wale wawili peke yao.

Kuleni mapema, ikiwezekana saa moja usiku, kwenye sinia moja, na msijaze tumbo, kwa sababu mlo mzito wa pilau huleta usingizi na kiungulia. Pombe, hata ikiwa imechangamsha maongezi, hupunguza uwezo wa mwili. Wenye watoto wawalishe kwanza. Tende na kahawa ya tangawizi isiyo kali vibaki kwa ajili ya wawili hao baadaye, simu zikiwa chumba kingine. Ada ya shule, kodi ya nyumba na deni la shemeji vijadiliwe Jumamosi asubuhi.