Miale ya gama haiji usiku kuvunja atomi za mwili wako
Ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya gumzo husema: usiku wa leo miale ya gama kutoka kwenye nyota itapita karibu na Dunia, zima simu, isije ikavunja atomi za mwili wako.

Miale hiyo, aina ya mwanga usioonekana wenye nishati kubwa mno, huvunja viini vya atomi kweli, lakini ndani ya nyota kubwa zinazokaribia kufa, ambako joto la kitovu hufika mabilioni ya nyuzi. Huko viini vya chuma hupasuka kuwa viini vya heliamu na nyutroni, chembe zinazokaa ndani ya kiini. Kupasuka huko humeza nishati, kitovu kikashindwa kujihimili na kuporomoka. Ni ajabu inayostahili kusimuliwa bila vitisho.

Kuvunja kiini cha haidrojeni nzito huhitaji takriban elektronivolti (kipimo kidogo cha nishati) milioni 2.2, ilhali chembe moja ya wimbi la simu hubeba sehemu chache tu za milioni za elektronivolti moja. Gama ya angani nayo huzuiwa na angahewa, ndiyo maana darubini za kuinasa moja kwa moja huwekwa kwenye setilaiti.

Kinachochanganya ni neno “mionzi”, jina jingine la miale, linalojumuisha mwanga, mawimbi ya simu na gama. Kagua ujumbe wenyewe: “usiku wa leo”, bila tarehe. Tafadhali usiusambaze, muulize kwa upole aliyekutumia, ni usiku upi?