Kati ya Kapteni na Meja

Kijana wa jirani yangu amemaliza mafunzo ya JKT pale Makutupora, Dodoma, kambi ile iliyo barabara ya Arusha yenye kibao cha 834 KJ. Juzi alinikuta napogoa mizabibu. "Shikamoo babu. Hivi mtu anafikaje ujenerali?" Nikamwambia akae chini, maana jibu lake ni refu, na mizabibu haikimbii.

Watu wanaujua mwanzo na wanaujua mwisho. Mwanzo ni Monduli, kwenye chuo cha maafisa wa jeshi: afisa mwanafunzi anasota, siku ya gwaride Amiri Jeshi Mkuu anamtunuku kamisheni, anatoka na nyota moja begani na cheo cha Luteni Usu. Mwisho ni gari lenye bendera. Katikati kuna Luteni, Kapteni, Meja, Luteni Kanali na Kanali, kisha majenerali: Brigedia Jenerali, Meja Jenerali, Luteni Jenerali, Jenerali. Kijana akanikatiza: mbona Meja ni mkubwa kwa Luteni, lakini Luteni Jenerali anamzidi Meja Jenerali? Swali zuri, na hata askari wengi hawalijui. Zamani huko Ulaya cheo hicho kiliitwa sajini meja jenerali, neno sajini likadondoka njiani. Kwa hiyo ule "meja" ni wa sajini meja, na luteni alikuwa juu yake tangu mwanzo.

Ngazi ninayotaka muitazame ni ile ya kutoka Kapteni kwenda Meja. Luteni ana platuni, watu thelathini hivi. Anajua nani mama yake anaumwa, nani anakopa kila tarehe ishirini. Kapteni naye, hata akiwa na kombania nzima, yaani platuni kadhaa, bado anaongoza kwa macho na sauti. Akitaka jambo lifanyike anatoka nje na kusema. Umeja unakuja na meza. Ghafla unaowaongoza huwaoni. Unaandika amri inayosomwa na mtu aliye kilomita mia mbili, usiku, mvua inanyesha, naye hana wa kumuuliza ulimaanisha nini.

Hii ndiyo kazi ya mnadhimu, afisa wa kupanga mambo ya jeshi, na hufundishwa kwenye Chuo cha Ukamanda na Unadhimu pale Duluti, Arusha. Neno lenyewe lina shina moja na nidhamu, la Kiarabu, lenye maana ya kupanga, kama mtu anavyotunga shanga kwenye uzi. Mimi zoezi langu la kwanza la tathmini ya hali, yaani kupima hali kabla ya kupanga, liliandikwa kurasa tatu, na nilijiona bingwa. Likarudi limejaa wino mwekundu, chini pameandikwa: ukurasa mmoja. Nililala na hasira. Asubuhi nikasoma tena nikaona kurasa mbili nzima zilikuwa za kumwonyesha mkufunzi kwamba nimesoma. Nimewaona makapteni hodari, wa kukimbia mlima na mizigo miwili, wakikwama hapohapo.

Msije mkadhani njia ni moja. Jenerali David Musuguri aliingia jeshi la Mwingereza, KAR (King's African Rifles), mwaka 1942 akiwa askari wa kawaida, akapanda hadi kuongoza vikosi vyetu kwenye vita vya Kagera, na mwaka 1980 akawa Mkuu wa Majeshi. Mirisho Sarakikya alipitia chuo cha maafisa cha Sandhurst, Uingereza. Maasi ya askari ya Januari 1964 yalilivunja jeshi la zamani, maafisa Waafrika walikuwa wachache mno, naye akakabidhiwa JWTZ changa akiwa bado kijana. Leo upandaji wa haraka namna hiyo hauwezekani. Tangu hapo hadi Jenerali Jacob Mkunda, aliyeshika mwaka 2022, Wakuu wa Majeshi wamekuwa tisa tu. Hesabu ni maafisa wangapi wamekula kiapo katika miaka hiyo, utaelewa kwa nini wengi wetu tunaishia katikati.

Halafu kuna waliotoka kwa mlango mwingine. Enzi za chama kimoja afisa aliweza kuwa kamisaa, mtu wa siasa ndani ya jeshi. Vyama vingi vilipokuja mwaka 1992, mwanajeshi akakatazwa kuwa mwanachama wa chama chochote, ingawa kura yake anapiga. Jakaya Kikwete aliacha jeshi mwaka huo akiwa Luteni Kanali, akachagua siasa.

Na kuna Brigedia Jenerali Hashim Mbita. Alikuwa mwandishi wa habari kabla ya kuingia jeshini, na jina lake halikutokana na kuongoza brigedi vitani. Alikuwa Katibu Mtendaji wa Kamati ya Ukombozi ya Afrika hadi kamati ilipofungwa mwaka 1994. Mkifika Kongwa hapa mkoani kwetu, palipokuwa na kambi za wapiganaji wa FRELIMO, ANC, SWAPO na wengine, kumbukeni kwamba silaha, chakula na dawa havikuwafikia wapigania uhuru vyenyewe. Mtu alikaa mezani akapanga.

Ukiwa Brigedia, meza inakuwa kubwa zaidi. Mwaka 2013 Brigedia Jenerali James Mwakibolwa alipewa brigedi ya Umoja wa Mataifa mashariki mwa Kongo: Watanzania, Waafrika Kusini na Wamalawi chini ya kamanda mmoja, kila kundi na serikali yake nyumbani inayopiga simu.

Mimi niliishia Luteni Kanali. Kila cheo kina umri wake wa kustaafu, na wangu ulifika kabla ya nafasi. Sikulia. Mke wangu ndiye alilia, tena kwa furaha, maana uhamisho ulikuwa umemchosha kufunga na kufungua masufuria.

Kijana akauliza aanze na nini. Nikamwambia aniandikie jinsi ya kutoa maji kisimani hadi kwenye mizabibu yangu arobaini bila pampu. Amekuja leo asubuhi na kurasa tatu, mwandiko mzuri kabisa. Sasa hivi natafuta ile kalamu nyekundu, sijui wajukuu wameiweka wapi.