Kuandika kundini si kuleta hoja barazani

“Mheshimiwa, lile kalavati tumekwambia tangu mwezi wa pili, mbona umekaa kimya?” Ujumbe huo uliingia alfajiri, baada ya mvua ya usiku kucha, kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Nyuma yake zikafuata jumbe 14 za sauti. Nimezisikiliza zote hadi mwisho. Barabara ile ina makalavati matatu, na hakuna hata mmoja aliyesema ni lipi.

Ndugu zangu, mimi diwani wenu hamkuniambia. Mliandika kundini. Naliandika hili hapa kwa sababu nimechoka kumweleza mtu mmojammoja.

Kwanza nimalize la fedha. Diwani hana fungu. Mfuko wa Jimbo ni wa upande wa mbunge. Sina greda, na simwagizi mhandisi yeyote. Tangu 2017 barabara zilizokuwa za halmashauri ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, maji yana mamlaka yake, umeme ni TANESCO. Nilicho nacho ni kiti barazani na uenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata.

Kiti hicho kina nguvu pale tu jambo linapokuwa na miguu ya kulifikisha. Linaanzia mkutano wa mtaa, linaingia kwenye muhtasari wa kikao, mwenyekiti wa mtaa analileta kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, mtendaji wa kata, ambaye ndiye katibu, analiweka kwenye taarifa ya kata, nami nasimama nalo kwenye Baraza la Madiwani linalokaa kila robo mwaka. Nikisimama bila muhtasari, swali la kwanza ni “Mheshimiwa, hilo limetoka kikao gani?” Nikijibu limetoka kwenye simu yangu, tunahamia ajenda inayofuata. Nimewahi kukalishwa hivyo, na aibu ile ilikuwa ya kata nzima.

Na hata likiwa kwenye muhtasari, “barabara mbovu” haijawa hoja. Kila kata ina barabara mbovu, na jibu lake limeshaandikwa kabla sijafungua mdomo: tatizo linafahamika, litashughulikiwa kadiri fedha zitakavyopatikana. Watu hudhani nataka lugha ya kiofisi. Sitaki! Nataka wapi, tangu lini, na nani anaumia.

Mama mmoja alikuja ofisi ya kata na ukurasa aliouchana kwenye daftari la mwanawe. Upande mmoja kulikuwa na hesabu za kuzidisha zilizosahihishwa kwa kalamu nyekundu. Upande wa pili aliandika tarehe za mvua nne, na mbele ya kila tarehe idadi ya nyumba zilizoingiliwa na maji: 2, 5, 5, 9. Chini kabisa: “Mtaro umezibwa na kifusi cha ujenzi tangu Desemba.” Mtendaji aliyanakili karibu neno kwa neno. Barazani, mhandisi alikuwa na jibu la barabara mbovu. La nyumba tisa hakuwa nalo. Na kwa kuwa mama alitaja kifusi, ilionekana papo hapo kwamba hapahitajiki ujenzi wowote. Panahitajika koleo na gari la kusomba. Mtaro ukazibuliwa.

Tofauti hiyo ya kuzibua na kujenga ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, na vipaumbele vya kata vinakusanywa miezi mingi kabla ya hapo. Jambo la kujenga likiletwa Machi, bajeti ijayo kwa kawaida imeshapangwa, linangoja nyingine. La kuzibua linaweza kufanyika hata wiki ijayo. Mkiniambia “kalavati bovu”, sijui nigonge mlango upi.

Sasa niseme linaloninyima usingizi. Mkutano wa mtaa unafanyika asubuhi, wakati waendesha bodaboda wako barabarani na wenye vibanda wako vibandani. Wapangaji wengi wanaamini ni mkutano wa wenye nyumba, kumbe ni wa wakazi wote. Kwa hiyo muhtasari ninaoupigania unaweza kuwa ni sauti ya waliopata nafasi ya kuja tu, na kundi la WhatsApp huenda linawabeba wale niliowakosa. Nimemwomba mtendaji anakili ya kundini kwenye rejista, lakini nani athibitishe kwamba aliyeandika anaishi hapa? Sijapata jibu. Na kuna mambo yamepita njia yote sahihi, na robo tatu mfululizo nimejibiwa “linafanyiwa kazi”. Kwa hayo, hasira zenu nazielewa.

Kosa jingine ni langu mwenyewe, la namna ninavyowarudishia habari. Mwaka mmoja niliandika kwa furaha: “Barabara yetu imepata fedha!” Fedha ilikuwa imetengwa tu. Kutengwa ni namba kwenye kitabu cha bajeti. Kupokelewa ni fedha kuingia kwenye akaunti, na kati ya hayo mawili mwaka mzima unaweza kupita. Watu waliniamini, wakang’oa uzio kupisha greda. Greda halikuja mwaka ule. Tangu siku hiyo naandika neno lenyewe kama lilivyo, imetengwa au imepokelewa, na ninawaomba msilibadilishe mnapolisambaza.

Mkutano wa mtaa ni Jumamosi hii. Wenye picha za usiku ule waje nazo, na mtu mmoja apite leo kwenye makalavati yote matatu atuambie ni lipi lililoziba, na limezibwa na nini. Asiyeweza kuja ampe jirani yake karatasi yenye tarehe, hata ikiwa imechanwa kwenye daftari.