Dawa zilikuwepo, boti haikuwa na mafuta: fedha za wafadhili zinavyosafiri Kanda ya Ziwa

Tarehe 20 Januari 2025, Dodoma, Rais Samia alitangaza kwamba virusi vya Marburg vimethibitishwa Biharamulo, mkoani Kagera. Siku hiyohiyo, Washington, Rais Donald Trump alisaini amri ya kusitisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90, na nyingine ya kuitoa nchi yake Shirika la Afya Duniani. Sisi tunaopanga bajeti za afya huku Mwanza tulizipokea habari hizo kwa pamoja. Kwa Marburg tulijua pa kuanzia. Kagera ilishaupitia ugonjwa huo 2023, maabara inayohamishika ilikuwa mkoani humohumo, na tarehe 13 Machi mlipuko ukatangazwa kwisha, watu 10 wakiwa wamefariki. Kwa habari ya misaada hapakuwa na mwongozo wowote wa kufungua.

Tangu hapo naulizwa swali lilelile, hata na madiwani: kama dawa zipo stoo, huduma inayumbaje? Swali ni zuri, na jibu lake linahusu njia ambazo fedha hupita.

Fedha ya mfadhili haiji ikiwa fungu moja. Kuna inayoingia kwenye bajeti ya Serikali, kama Mfuko wa Pamoja wa Afya ambao umechangiwa na nchi kama Denmark, Uswisi na Ireland. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha hiyo inatoka Hazina na kuingia moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati au kituo cha afya. Mganga mfawidhi anakaa na kamati ya usimamizi wanapanga, matumizi yanaingizwa kwenye mfumo, mkaguzi anakuja. Kuna inayokuja ikiwa vitu: ARV (dawa za kufubaza VVU), vyandarua, chanjo, kupitia Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, na Gavi, shirika la chanjo. Halafu kuna ya mradi, ambayo haigusi bajeti yetu kabisa. Mdau, yaani shirika linaloendesha mradi, anaajiri watu wake kwa mkataba, ananunua magari yake, anamripotia mfadhili wake. Sehemu kubwa ya PEPFAR, ule mpango wa UKIMWI wa Marekani ulioanzishwa na Rais George W. Bush mwaka 2003, imekwenda kwa njia hii.

Sasa mchukue mvuvi wa dagaa Ukerewe anayetumia ARV. Huyu hana mwalo mmoja wa kuegesha mtumbwi, anafuata dagaa wanakokwenda. Wakati wa giza, mwezi usipowaka, yuko ziwani na taa zake usiku kucha, mchana amelala. Ukifika kambini siku hizo utawakuta akina mama wanaoanika dagaa, yeye humuoni. Mhudumu anayeijua kazi hupanga huduma za mkoba, zile za kuwafuata watu walipo, kipindi cha mbalamwezi, kwa kuwa taa hazivuti dagaa vizuri mwezi ukiwaka, na wavuvi wanakuwa nchi kavu wakitengeneza nyavu. Ujuzi huo hauko kwenye mwongozo wowote. Uko kwa mtu.

Na mtu huyo alikuwa wa mradi. Sampuli ya damu kwa kipimo cha wingi wa virusi ilivuka ziwa kwa mafuta ya mradi, ikapokelewa na bodaboda anayelipwa na mradi hadi maabara. Majibu yakirudi, karani wa takwimu wa mradi ndiye aliyeyaingiza kwenye faili la mgonjwa. Barua ya Marekani ya kusimamisha kazi ilipofika, vidonge vilibaki kabatini kama vilivyo, ila wote waliokuwa kati ya kabati na mvuvi wakaambiwa warudi nyumbani. Baadaye Marekani iliruhusu huduma za kuokoa maisha ziendelee. Baadhi walirudi, wengine hawakurudi.

Kalenda nayo ilituumiza. Mwaka wetu wa fedha unaanza Julai, wa Marekani Oktoba. Januari sisi tuko robo ya tatu: fedha ya mwaka huu imeshagawanywa, rasimu ya mwaka ujao iko mezani. Hakuna kasma (fungu la bajeti) ya dharura inayoweza kubeba mishahara ya mradi mzima.

Njia ya mradi haikuchaguliwa kwa ubaya. Mwaka 2003 watu walikuwa wanakufa, na halmashauri isingeweza kuajiri wala kununua kwa kasi ile. Mradi uliweza, na wapo watu wengi wanaotembea leo kwa sababu hiyo. Ninachokataa ni kuiacha njia ya dharura iendelee kwa miaka zaidi ya 20.

Tena mfano wa njia tofauti tunao hapahapa. Utafiti uliofanyika vijijini mkoani Mwanza miaka ya mwanzo ya tisini, kwa ufadhili wa Ulaya, matokeo yake yakachapishwa 1995, ulionyesha kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa karibu asilimia 40. Matibabu yalitolewa kwenye zahanati na vituo vya kawaida, na watumishi walewale waliokuwepo baada ya kupewa mafunzo, dawa na usimamizi. Mfano wa karibu zaidi ni mshitiri. Bohari ya Dawa ikikosa dawa uliyoagiza, kituo kinanunua kwa muuzaji wa jumla aliyeshinda zabuni ya mkoa. Uswisi ilisaidia kuujenga utaratibu huo kuanzia Dodoma 2014, ukaenea nchi nzima. Dawa zenyewe kituo kinanunua kwa fedha zake. Mfadhili akipunguza mkono kesho, mshitiri bado yupo.

Nishati safi ina tatizo lilelile, na hapa natamani kila mfadhili apande boti aone. Jokofu la chanjo la sola, lile lisilo na betri, ni kifaa cha akili sana. Jua la mchana linagandisha barafu iliyo ndani ya kuta zake, barafu hiyo inashikilia baridi usiku, na chanjo zinabaki kati ya nyuzi 2 na 8. Muuguzi anasoma joto asubuhi na jioni, Jumapili nayo imo, anaandika kwenye chati iliyobandikwa mlangoni. Lakini paneli iko juu ya paa la kisiwani, ndege wanaichafua, kutu inakula vishikizo, waya unachubuka. Mkataba ulilipia jokofu na kulifunga. Fundi wa kulitengeneza mwaka wa nne haumtaji. Muuguzi wa zahanati moja aliniambia anapanda kuosha paneli mwenyewe, kwa ngazi aliyoazima kwa jirani.

Misaada ya kibinadamu ndiyo dhaifu kuliko yote, kwa sababu inategemea michango ya hiari. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani halina chanzo kingine, na wakimbizi wa Nyarugusu kule Kasulu wameona mgao wao ukipungua mara kadhaa. Uingereza nayo ilitangaza Februari 2025 kushusha misaada yake yote ya nje kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027. Lengo la Umoja wa Mataifa, tangu 1970, ni 0.7.

Kwa hiyo tunapopitia mipango ya vituo sasa, kila shughuli ya mdau ninaiuliza ingekuwa ya nani kama mdau asingekuwepo. Mafuta ya kusafirisha sampuli tumeanza kuyaingiza kwenye akaunti za vituo, kidogo kidogo. Matengenezo ya sola yamepata mstari wake. Karani wa takwimu bado hana kasma, na kwenye zahanati ya muuguzi mmoja kazi yake inafanywa usiku, wagonjwa wakishaondoka.