Kiambata cha mmea na bakteria sugu: maana yake

Aliyewahi kuzibwa jino kwa dawa ya muda anaijua ile harufu inayobaki mdomoni siku nzima. Ni harufu ya karafuu. Daktari wa meno huchukua unga mweupe wa oksaidi ya zinki, akaudondoshea mafuta ya eujenoli, akakoroga juu ya kibao cha kioo mpaka upate uzito wa kinata, kisha akaushindilia kwenye tundu la jino. Eujenoli ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Hutuliza maumivu, na bakteria wakiguswa nayo kwa wingi huharibika ngozi zao za nje na kufa.

Huo ni mfano wa kiambata cha mmea: kemikali moja, yenye jina na umbo linalojulikana, iliyotengenezwa na mmea wenyewe. Nasisitiza neno “moja” kwa sababu watu wengi huchanganya kiambata na mti mzima. Jani la mwarobaini lina viambata vingi mno ndani yake, vingine vina kazi, vingine havina, vingine ni sumu. Mmea huvitengeneza kwa haja zake. Hauna miguu ya kumkimbia kuvu wala mkono wa kumfukuza mdudu, basi hujilinda kwa kemikali. Chukua punje ya kitunguu saumu uinuse ikiwa nzima. Harufu yake ni ndogo. Iponde kwenye kinu, na papo hapo inakufikia puani. Kilichotokea ni kwamba chembe zimepasuka, kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia) kikakutana na malighafi yake, na kiambata kiitwacho alisini kikazaliwa hapo hapo. Alisini ilitambuliwa na wanakemia wa Marekani mwaka 1944, na inaua bakteria wa aina nyingi maabara.

Sasa upande wa pili wa jambo, yaani usugu. Mtaani utasikia mtu akisema “mwili wangu umeshaizoea hii dawa.” Mwili haujazoea chochote. Waliobadilika ni bakteria. Kila dawa inapotumika, hasa ikitumiwa ovyo, wale dhaifu hufa na wachache wenye uwezo wa kuistahimili hubaki, huzaana, tena huweza kupeana siri hiyo kwa kupokezana vipande vya vinasaba. Wengine hutoa kimeng'enya kinachoikata dawa kabla haijafanya kazi. Wengine hubadilisha sehemu ambayo dawa ilizoea kuishika. Wengine wana pampu ukutani mwa chembe: dawa ikiingia, inatapikwa nje. Makadirio ya watafiti yanaonyesha kuwa mwaka 2019 pekee, watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na eneo lililoumia zaidi kwa kiwango cha vifo ni Afrika kusini mwa Sahara.

Ndiyo maana watafiti wamerudi kwenye mimea kwa hamu kubwa. Kipimo chao cha kwanza ni rahisi. Bakteria hupakwa kwenye sahani yenye jeli ya chakula, kidonge kidogo cha karatasi kilicholoweshwa dondoo la mmea huwekwa juu, na sahani huachwa kwenye joto usiku kucha. Asubuhi bakteria wametanda kama ukungu, isipokuwa pale karibu na karatasi, ambapo kuna pete safi. Pete hiyo ndiyo inayogeuzwa kuwa habari ya “mti unaotibu usugu.”

Pete haijasema hivyo. Antibayotiki nzuri humzuia bakteria asiye sugu kwa kiasi kidogo sana, mara nyingi chini ya mikrogramu 1 katika mililita moja ya kimiminika. Viambata vingi vya mimea huhitaji mamia ya mikrogramu. Kukifikisha kiwango hicho kwenye damu ya mgonjwa kunaweza kumdhuru yeye kabla ya bakteria: mafuta ya karafuu yanayotibu jino, mtoto akiyanywa, yanaweza kuharibu ini lake. Isitoshe, tumbo huvunja baadhi ya viambata na ini huondoa vingine haraka.

Kwangu mimi tumaini kubwa liko kwenye kazi nyingine, ya usaidizi. Vidonge vya amoksilini vyenye asidi ya klavulaniki vimo kwenye maduka mengi ya dawa. Asidi ile haitokani na mmea, hutoka kwa bakteria wa udongoni, na yenyewe haiui kitu cha maana. Kazi yake ni kukifunga kile kimeng'enya kinachoikata amoksilini, ili amoksilini ipite.

Mimea nayo inajua mbinu hiyo. Kuna vichaka vya jenasi Berberis vyenye berberini, kiambata cha rangi ya manjano kinachoua bakteria. Tatizo ni kwamba Staphylococcus aureus, bakteria wa majipu na vidonda, huitapika berberini kwa pampu yake iitwayo NorA. Mwaka 2000 watafiti nchini Marekani walieleza kwamba vichaka hivyo vina kiambata kingine, kinachofupishwa kama 5'-MHC. Kikiwekwa peke yake mbele ya bakteria, hakifanyi lolote. Kwa kipimo cha pete kingetupwa. Kikiwekwa pamoja na berberini, pampu inaziba, berberini inajaa ndani, na bakteria anakufa. Mmea mmoja ulikuwa umebeba risasi na mkono wa kumshika adui asikimbie.

Mpaka sasa hakuna kizibapampu cha namna hiyo kilichoidhinishwa kutibu maambukizi ya bakteria hospitalini. Vingi vilivyojaribiwa vilihitaji dozi kubwa mno au vilikuwa na madhara. Lakini kwa malaria safari ya kutoka kwenye mmea hadi kwenye dawa imeshafika mwisho. Mtafiti Tu Youyou na wenzake nchini China walipata dondoo lenye nguvu la mmea uitwao Artemisia annua baada ya kuacha kulichemsha, kwa kuwa moto ulikuwa ukiharibu kiambata chake, artemisinini. Mwaka 1972 artemisinini safi ikapatikana, ikarekebishwa kikemia, ikapimwa dozi, ikaunganishwa na dawa nyingine. Kidonge cha dawa mseto unachopewa zahanati kimetokana na safari hiyo.