Mguu mmoja ukivimba, usiuchue

Mgonjwa analetwa chumba cha wagonjwa mahututi akihema kama aliyekimbia, hawezi kumaliza sentensi, na mguu mmoja bado unang'aa mafuta ya kuchulia. Nimeliona hilo mara nyingi mno. Haya ndiyo ndugu huuliza pale mlangoni.

Amekosa pumzi, sasa mguu unahusika vipi?
Damu inaweza kuganda ndani ya mshipa mkubwa wa mguu unaoirudisha kwenye moyo. Bonge likikatika hupanda, hupita upande wa kulia wa moyo, kisha huziba mishipa ya mapafu.

Nitajuaje kuwa si uchovu tu?
Uchovu wa kusimama kutwa kwa kawaida huvimbisha miguu yote miwili. Huu ni mmoja. Shavu la mguu linauma, lina joto, pengine rangi imebadilika. Chukua utepe wa fundi cherehani upime mashavu yote mawili mahali palepale: tofauti ikifika sentimita 3, usingoje kesho. Tofauti ikiwa ndogo na maumivu yapo, nenda vilevile.

Tukiuchua kwanza, tuone kama utanywea?
Hapana. Ukisugua unaweza kulikata bonge na kulirusha mapafuni.

Hata kuukanda kwa maji ya moto?
Hata hivyo. Hakuna maji yanayoyeyusha damu iliyoganda ndani ya mshipa. Kinachopotea ni siku, na siku hizo ndizo bonge linakua.

Na mchuaji akiwa mzoefu?
Usiuchue! Uzoefu wa mikono yake hauoni ndani ya mshipa. Kipimo cha mawimbi ya sauti kinaona, tena hakiumi.

Nani awe macho zaidi?
Aliyetoka kufanyiwa upasuaji, hasa wa nyonga au goti, aliyefungwa plasta mguuni, aliyelala kitandani siku nyingi, mwenye saratani, anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, aliyewahi kugandisha damu. Halafu mjamzito, na mama aliyejifungua ndani ya wiki 6. Huyu wa mwisho ndiye huambiwa "ni uzazi tu, utapungua" mpaka anazirai akielekea bafuni.

Bonge likifika mapafuni mtu anahisi nini?
Pumzi inakatika ghafla, moyo unakwenda mbio, kifua kinachoma akivuta hewa, wengine wanakohoa damu au wanaanguka. Wengi hudhani ni kichomi cha kawaida. Ukifika kwa daktari na kifua, mtajie na mguu, asipouliza, mwoneshe.

Si mtamweka kwenye mashine ya kupumulia?
Mashine inasukuma hewa ndani ya mapafu. Hewa inafika, lakini damu ya kuichukua imezuiwa nyuma ya bonge. Mashine haizibui mshipa. Tena bonge likiwa kubwa, moyo umeshaelemewa, na ile hatua ya kumlaza usingizi na kumpitisha mpira kwenye koo inaweza kuangusha shinikizo la damu hadi moyo ukasimama. Ndiyo maana tunasitasita, si kwamba tumemtelekeza. Tunaanza na oksijeni na dawa za kuzuia damu kuganda, na hali ikiwa mbaya sana, dawa ya kuyeyusha bonge, ambayo nayo inaweza kumtoa mtu damu hata kichwani.

Uvimbe ukiisha niache dawa?
Usiache. Dawa za kuzuia damu kuganda kwa kawaida hutumika miezi 3 au zaidi, na daktari ndiye anayesema basi. Uvimbe hupungua mapema kuliko hatari.

Tumeshauchua, tangu juzi. Tufanyeje?
Acheni sasa hivi. Mleteni leo, si baada ya chupa ya mafuta kwisha, na mseme wazi kuwa mmeuchua. Hatutawagombeza. Labda kidogo.