Je, wajua? Mwaka 1975 kompyuta isiyo na spika iliimba. Iliwezaje?

Weka simu ya kitochi karibu na redio, kisha mtu akupigie. Kabla simu haijaita, redio inaanza kukoroma: trr-trr-trr. Hakuna waya unaoziunganisha. Mawimbi ya simu yamepenya kwenye redio, na spika imeyageuza kuwa sauti. Kwetu hiyo ni kero. Steve Dompier, mpenzi wa kompyuta huko California, alikutana na kero ya namna hiyo akaifanya muziki.

Kompyuta yake ilikuwa Altair 8800, iliyotengenezwa na MITS, kampuni ndogo ya Albuquerque, New Mexico. Jarida la Popular Electronics liliitoa kwenye jalada la Januari 1975, bei dola 397. Kwa pesa hizo uliletewa boksi la vipuri, ukae mwenyewe na pasi ya kulehemu usiku baada ya usiku. Na ukishamaliza jasho lote hilo, mbele yako una kasha lisilo na kibodi wala skrini, lenye kumbukumbu ya baiti 256, yaani isingetosha hata kubeba herufi za aya hii. Usoni mwa kasha kulikuwa na safu za swichi na vitaa vyekundu. Kuingiza baiti moja tu ulipandisha na kushusha swichi nane, kisha ukabonyeza nyingine ili mashine iipokee. Ukakosea moja, programu nzima inaharibika.

Siku moja Dompier alikuwa amewasha redio pembeni wakati Altair inapanga namba, akasikia redio inatoa mlio kila programu inapozunguka. Kila prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, inapofanya kazi, umeme unapanda na kushuka ndani ya nyaya zake, na mabadiliko hayo hurusha mawimbi hafifu ya redio. Altair ilikwenda kwa mapigo milioni 2 kwa sekunde. Ukiiandikia programu ijirudie kila baada ya mapigo kama 4,545, itajirudia mara 440 kwa sekunde, na redio itatoa noti ambayo wanamuziki hutumia kuwianisha vyombo vyao. Fupisha mzunguko, sauti inapanda. Urefushe, inashuka. Kilichobaki ni hesabu na uvumilivu.

Aprili 1975 akaibeba mashine yake hadi Menlo Park, kwenye mkutano wa Homebrew Computer Club, klabu ya wapenzi wa kompyuta iliyokuwa imeanza mwezi mmoja tu nyuma katika gereji. Akaweka redio juu ya Altair, akainama kwenye swichi, baiti baada ya baiti. Karibu amalize, mtu akajikwaa kwenye waya wa umeme. Kila kitu kikafutika, kwa sababu kumbukumbu ile haikuhifadhi chochote umeme ukikatika. Akaanza upya. Kisha redio ikaimba wimbo wa Beatles, na watu wakasimama kushangilia. Kabla makofi hayajaisha, mashine ikaendelea yenyewe na wimbo wa pili: “Daisy Bell”.

Hapo ndipo utani ulipokuwa. “Daisy Bell” ndio wimbo ulioimbwa na kompyuta ya IBM katika maabara za Bell mwaka 1961, na hiyo ilikuwa mashine ya kujaza chumba, mali ya taasisi kubwa. Sasa kasha la dola 397 lilikuwa linauimba tena, nalo ni la mtu mmoja, amelileta mwenyewe. Mimi naona hiyo ndiyo sababu watu wale walitaniana mno. Kompyuta zilikuwa za serikali, vyuo na makampuni, na muda wake ulilipiwa, nani angekuruhusu kuchezea? Ukiwa na yako, unaweza kuipa kazi ya kipuuzi kabisa, na hakuna wa kukuuliza.

Hata programu zao zilibeba mzaha. Mwaka 1976 mwandishi wa programu Li-Chen Wang alitoa toleo lake dogo la BASIC, lugha ya kuandikia programu, na pale panapoandikwa “haki zote zimehifadhiwa” akaandika kwamba makosa yote yamehifadhiwa. Kwa Kiingereza neno moja, “right”, ndilo haki na ndilo upande wa kulia, kwa hiyo hakimiliki (“copyright”) nayo akaigeuzia kushoto: “copyleft”.

Lakini bingwa wao alikuwa Steve Wozniak, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Apple, aliyewahi kuendesha namba ya simu ya kusimulia vichekesho. Aprili 1977, kwenye maonyesho ya San Francisco ambako kompyuta yao ya Apple II ilizinduliwa, yeye na vijana wenzake walisambaza kwa siri maelfu ya vipeperushi vya kompyuta mpya ya MITS iitwayo Zaltair. Haikuwepo. Ndani waliweka nukuu ya kubuni ya mkuu wa MITS, na ukizisoma herufi za kwanza za kila neno unapata Processor Technology, jina la kampuni shindani, ili lawama ziende huko. Steve Jobs, mwanzilishi mwenzake wa Apple, alikisoma kipeperushi akaamini, akafurahi kuona Apple haijafanya vibaya kwenye jedwali lake la kulinganisha kompyuta. Ilipita miaka kabla Wozniak hajamwambia aliyekiandika.